Unanishinda kwa Tumbo

Mbio za kwanza nilizoshinda katika Ziwa Duluti, karibu na Arusha, ziliniudhi kuliko zote nilizoshindwa baadaye. Tulikuwa wanne: mimi na vijana watatu wanaowazungusha watalii kwa kayaki. Mwisho wa mbio ulikuwa dumu la njano lililofungiwa jiwe, likielea karibu na miti iliyoinamia maji. Zilipobaki kama mita thelathini nikageuza shingo. Kijana aliyekuwa nyuma yangu alikuwa amelaza kafi mapajani, anaangalia ndege, mdiria.

Nikaligusa dumu. Wakapiga makofi. Mmoja akapiga mluzi, mwingine akasema, "Hongera sana braza, wewe ni mfano." Mfano wa nini, hakusema, na mimi sikuuliza. Nilirudi nyumbani nikakataa chakula, mama akadhani UTI imerudi.

(Kwa mtu aliyevunjika mgongo, Kiswahili cha hospitali kina utani wake. Kuna uti na kuna UTI. Wa kwanza ulivunjika mara moja tu. Ya pili inanitembelea kila msimu kama shangazi.)

Nilianguka kutoka kwenye mparachichi mwaka 2017, nikiwa na miaka 24. Sehemu hii naipita haraka kwa sababu kila anayekutana nami anataka kuanzia hapo. Tawi lilikatika, nikatua kwa mgongo juu ya jiwe la mpaka wa shamba. Majirani wakaninyanyua, mmoja kwapani na mwingine miguuni, kiuno kikining'inia katikati, wakaniingiza nyuma ya pikapu ya maziwa. Siwalaumu. Nani aliwahi kuwaambia kwamba aliyeumia mgongo analazwa juu ya ubao, kichwa na kiuno vikiwa mstari mmoja, na hapindwi hata kidogo? Tunafundishana kuchuma parachichi, hatufundishani kumwokota mchumaji.

Pingili iliyoumia ni ya kumi ya kifua. Madaktari wanaiita T10. Ukitaka kujua mpaka wake uko wapi, weka kidole kitovuni. Juu ya hapo nasikia baridi, joto, kofi na mbu. Chini ya hapo ni mzigo ninaoutunza kwa macho na kwa saa.

Kilichokaribia kuniua si mgongo, ni kidonda. Wodini nilikolazwa sikugeuzwa inavyotakiwa, na mimi sikujua kama natakiwa kugeuzwa. Ngozi iliyokandamizwa na mfupa saa nyingi hukosa damu, inakufa, na wewe husikii chochote cha kukufanya upige kelele. Walipokigundua, kidonda kilikuwa kinaingia gumba. Nililalia tumbo miezi minane. Jirani yangu wa kitanda cha dirishani alivunjika kama mimi, tena alikuwa na nafuu kuniliko, na kidonda kikampeleka.

Kulalia tumbo kuna faida moja, simu inakuwa usawa wa macho. Ndipo nikasoma habari za daktari Ludwig Guttmann, aliyefungua wodi ya waliovunjika uti wa mgongo huko Stoke Mandeville, Uingereza, mwaka 1944, wakati ambapo wengi wa wagonjwa hao walikuwa wakifa kwa vidonda na maambukizi ya mkojo. Yeye aliwataka wageuzwe usiku na mchana, kisha akawatoa kitandani wakacheze. Tarehe 29 Julai 1948, siku ileile Olimpiki ya London inafunguliwa, aliwapanga watu 16 kwenye viti vyao wakashindana kulenga shabaha kwa mishale. Miaka 12 baadaye, Roma 1960, kukawa na michezo yenye washiriki kama 400 kutoka nchi 23, wote wakiwa watu wa uti wa mgongo, na kuogelea kukiwemo. Nikajiambia, kumbe sisi tumekuwa majini tangu mwanzo.

Mimi lakini si mtu wa maji. Nimezaliwa na kukulia Tengeru, na kwetu Duluti ni mahali pa kuogopwa. Ni ziwa la kreta, lililokaa ndani ya shimo la volkano la kale, msitu umelizunguka kama nywele pembeni ya kipara. Bibi alituambia halina chini. Tulikuwa tukienda kuangalia kenge wakiota jua, tukisikia kitu kimechuruzika majini tunakimbia. Baharini sijawahi kufika, na najua wa pwani watalicheka ziwa langu, lakini wahenga walishasema maji ya kifuu ni bahari ya chungu.

Aliyeniingiza ni mzee mmoja anayetengeneza mitumbwi na kuzibaziba kayaki za wenye biashara. Nilikuwa nimekwenda kukaa kivulini tu, siku ya soko, nikikwepa watu. Akaja akanitazama mabega. Si miguu, mabega. Akauliza, "Hicho kiti unakisukuma mwenyewe kutoka barabara ya lami?" Nikamwambia ndiyo, shikamoo baba. "Marahaba. Basi mikono unayo. Shida yako ni kukaa."

Hakukosea. Watu wanadhani kayaki ni kazi ya mikono. Mwenye miguu anasukuma kwa wayo, nguvu inapanda kwenye nyonga, inazungusha kiuno, ndipo inafika mkononi. Mkono ni mhudumu anayeleta sahani. Chakula kimepikwa kwingine. Mimi nilipovuta kafi kulia, mwili wote uliniangukia kulia. Nilipovuta kushoto, hivyohivyo. Mara ya kwanza nilipiga makafi manne nikapinduka.

Chini ya maji nilijifunza jambo ambalo sikulitegemea. Kichwa kilitoka, mikono ikatoka, miguu ikabaki ndani ya kayaki, imejikunja mahali nisipopaona, na sikuwa na njia ya kuiambia itoke. Nilivaa jaketi okozi, likawa linanivuta juu huku kayaki inanivuta chini. Mzee aliingia na nguo zake. Wiki nzima iliyofuata hakuniruhusu kuvuta kafi hata moja kwenda mbele. Kazi ilikuwa kupinduka tu, maji yakiwa kifuani mwake, nikijifunza kubandua mkanda kwa mkono mmoja na kuitoa miguu kwa mwingine kama mtu anayetoa mizigo ya abiria. Mkanda wowote unaokufunga kwenye chombo lazima ufunguke kwa kuvutwa mara moja. Fundi yeyote akikuletea fundo au kufuli, mshukuru, halafu mfukuze.

Kiti tulikitengeneza kwa ndoo kubwa iliyokatwa, ikawa egemeo la mgongo hadi mbavuni, na sponji la godoro chini yake. Sponji ni la lazima. Nilishalipa miezi minane kwa kosa la kukaa pagumu, na hata leo saa ya mkononi inalia kila baada ya dakika 20, nainua makalio kwa mikono, nahesabu, nashuka. Watalii wakiona wanadhani nafanya mazoezi.

Kisha kuna safari ya kutoka kwenye njia hadi majini. Hii haionyeshwi kwenye televisheni, na kwangu ndiyo mbio yenyewe. Mteremko, mizizi, tope. Mwanzo vijana walinibeba mgongoni, na kila waliponibeba walisema pole, na mimi nikasema ahsante, pole, ahsante, mpaka tukafika. Pole ni neno zuri, lugha nyingine zinatuonea wivu kwa kuwa nalo. Ila ukiambiwa mara arobaini kwa siku, linakuwa kama mvua ya rasharasha: hailoweshi, lakini nguo hazikauki. Nikabuni njia. Natandika gunia la mbolea, naweka sponji, nakaa, nateleza hadi majini kama tulivyokuwa tukiteleza utotoni kwenye majani mabichi. Kushuka najitegemea. Kupanda bado nabebwa.

Kuna dada mmoja wa Pasua, nilikutana naye Moshi. Nilikwenda hospitali ya KCMC kupimiwa kitimwendo kipya. Pale ndipo kilipo chuo cha TATCOT kinachofundisha mafundi wa viungo bandia na viti mwendo. Naye alikuwa anasubiri. Anauza mitumba soko la Memorial, na alivunjika akiwa abiria wa bodaboda. Yeye ni T4, mpaka wake uko usawa wa chuchu. Nikamsimulia habari za ziwa kwa kujigamba kidogo, kama unavyojua wanaume wakikaa foleni. Jumamosi iliyofuata akatokea Tengeru na kiti chake juu ya Koasta. Konda alikuwa amemwambia kiti kitalipiwa nauli ya mtu mzima. Akamjibu, "Basi nihesabie vizuri, baba. Nimekuja na siti yangu mwenyewe, mimi ndiye ninayekudai."

Tukaanza kushindana, yeye na mimi. Nilimshinda mara ya kwanza, ya pili, ya tano. Nilifurahi sana, nakiri. Hatimaye nilikuwa na mtu wa kumshinda kihalali, mwenye kiti kama mimi. Mara ya sita alipofika kwenye dumu alikuwa amekasirika hadi midomo inatetemeka. "Mdogo wangu," akasema, "wewe hunishindi kwa mikono. Mikono yangu inabeba marobota. Unanishinda kwa tumbo."

Nikamtazama. Nikajitazama. Ni kweli. Mimi nikivuta kafi, misuli ya juu ya kitovu inanirudisha katikati. Yeye hana kitu chini ya kifua; kila kafi analovuta lazima ajishike asianguke, nusu ya nguvu inaishia kwenye kukaa tu. Nilikuwa nimemfanyia nilichofanyiwa na wale vijana, kwa upande wa pili: wao walinipa ushindi usio wangu, mimi nikauchukua usio wangu.

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini mchezo huu umegawanywa kama ulivyogawanywa. Parakanu, yaani mbio za kayaki za watu wenye ulemavu, ziliingia Michezo ya Paralimpiki kwa mara ya kwanza Rio mwaka 2016. Ni mita 200, maji yaliyotulia, mstari ulionyooka. Kuna madaraja matatu, KL1, KL2 na KL3. KL1 ni wasio na kiwiliwili cha kuwasaidia au walio nacho kidogo mno, wanaovuta kwa mikono na mabega. KL2 kiwiliwili kinafanya kazi kiasi, miguu kidogo. KL3 wana kiwiliwili na sehemu ya nguvu za miguu. Wapimaji hawaulizi ulianguka wapi wala nani alikuwa anaendesha. Wanakupima kiwiliwili, wanakupima miguu, kisha wanakutazama ukiwa majini unavuta. Niliposoma hayo zamani niliona ni urasimu. Dada alipolia kwa hasira pale kwenye dumu nikaona ni adabu. Ni njia ya kumwambia mtu: tumekupima, sasa hatukuhurumii.

Yeye ana mtu wake anayempenda huko, Jeanette Chippington wa Uingereza, aliyeanza kama mwogeleaji kwenye Paralimpiki ya Seoul 1988 na kuja kuchukua dhahabu ya KL1 pale Rio akiwa na miaka 46. "Bado nina muda," dada anasema kila akipata mwaka mwingine. Mimi namtazama Péter Pál Kiss wa Hungaria, aliyemaliza KL1 Tokyo kwa sekunde 45 na ushei. Daraja la wasio na tumbo! Mimi mwenye nusu tumbo nilikuwa natumia dakika moja na sekunde 46. Kayaki za mbio zile hazizidi urefu wa sentimita 520 na upana usipungue 50; zetu ni za plastiki, za kukodisha, pana kama beseni, zimetengenezwa ili mtalii apige picha bila kuanguka. Hiyo ndiyo sababu ninayowapa watu. Sababu nyingine ni kwamba Kiss ni Kiss.

Kuna chombo kingine, kiliingizwa kwenye Michezo ya Tokyo, ile ya 2020 iliyofanyika 2021. Kinaitwa va'a, neno la Kipolinesia ambalo kwa masikio yetu ni amri ya kuvaa nguo. Kina boya pembeni, upande mmoja. Nilipomwonyesha mzee picha alicheka mpaka akakaa chini: "Ngalawa! Tena yenye mrengu mmoja!" Kesho yake akachukua bomba la plastiki, akaziba ncha, akalifunga kwenye kayaki ya dada kwa mabanzi mawili. Dada akavuta kafi kwa mara ya kwanza bila kujishika. Akaenda moja kwa moja hadi katikati ya ziwa akakaa huko, hatukujua anafanya nini. Aliporudi alisema alikuwa anasikiliza furukombe.

Si kila siku ni hivyo. Asubuhi moja ya Julai, ukungu umeshuka, Meru haionekani kabisa, dada alisema kichwa kinampasuka. Uso ulikuwa mwekundu, jasho linamtoka usoni, vinyweleo vya mikono vimesimama. Vijana wakataka kumlaza. Nikapiga kelele wasimlaze. Hili tulilisoma wote wawili: aliyeumia kuanzia T6 kwenda juu, mwili wake ukikerwa na kitu chini ya mpaka, presha inaruka ghafla, na ubongo hauna njia ya kuishusha. Mtu wa T10 kama mimi kwa kawaida hili humpita. Unamkalisha wima, unalegeza kila kinachobana, unatafuta kinachomkera, na mara nyingi ni kibofu. Tulibandua mkanda wa kiti tukakuta mpira wa mkojo umejipinda chini yake, kama bomba la bustani lililokanyagwa. Ukanyooshwa, mfuko ukajaa, baada ya dakika chache kichwa kikatulia. Vijana walikaa kimya. Nadhani ile ndiyo siku walipoacha kutuona kama mfano na kuanza kutuona kama watu wenye mwili. Tangu siku ile mmoja wao hukagua mpira kabla ya kamba za viatu vyake.

Na ndio hao waliokubali mbio za vipimo. Wazo lilikuwa la dada. Hatuna madaraja, hatuna wapimaji, tuko wachache, basi kila mtu apimwe muda wake, na aliye taratibu atangulie kuondoka kwa tofauti hiyo, ili kwa hesabu wote tufike kwenye dumu pamoja. Tulipima mita 200 kwa kamba, kwenye njia ya vumbi, kwa futi ya fundi ujenzi. Dada alitumia dakika mbili na sekunde 11. Mimi moja na 46. Vijana moja na 18, kwa wastani. Kwa hiyo dada anaondoka kwanza, mimi baada ya sekunde 25, wao baada ya sekunde 53.

Sekunde 53 ni nyingi ukiwa umekaa unasubiri na mtu anakukimbia. Niliwaona nilipogeuka kuanza kuvuta: wale watatu wamekamata makafi kama watu wanaosubiri basi la mwisho. Sikugeuka tena. Mabega yalianza kuwaka kwenye mita ya mia, na mabega yangu ni miguu yangu, kesho yake ndiyo yatakayosukuma kiti. Nyuma nikasikia maji yanakatwa. Zikiwa zimebaki mita kumi, yule aliyekuwa akimwangalia mdiria akanipita. Hakunitazama. Ameuma meno, makamasi yanamtoka, kafi lake likanirushia maji usoni, wala hakusema samahani. Mwingine alishapita kushoto kwangu akienda kumtafuta dada.

Aliyemtafuta dada alimpata, kwa kipande cha omo, ile ncha ya mbele ya kayaki. Au hakumpata. Zogo lilianza hata kabla mimi sijafika. Dada anasema aligusa dumu kwanza, kijana anasema aligusa kamba. Kisha huyo wa mdiria, aliyeshika nafasi ya tatu na hakuipenda, akatoa shutuma nzito: siku ya kupimwa muda dada alijivuta makusudi ili apewe sekunde nyingi. Nikamwambia hilo lipo hata huko duniani, ukikamatwa umedanganya wapimaji unafungiwa. Sikusaidia.

"Nijivute?" dada akasema, kafi juu, kayaki inayumba. "Nijivute na nini? Na tumbo lipi?"

Kijana akajibu kwa sauti ileile. Walibishana mpaka watu wa pikiniki wakaja kuangalia. Hakuna aliyesema pole hata mmoja. Walinibeba kunipandisha huku bado wanabishana juu ya kichwa changu, na mmoja, katikati ya hoja, karibu anidondoshe.

Mama alikuwa anachambua mboga nilipofika.

"Umeshika nafasi ya ngapi?"

"Ya nne."

"Mlikuwa wangapi?"

"Watano."

Akaacha mchicha. "Huyo wa tano," akasema kwa sauti ya huruma, "yeye ana tatizo gani, maskini?"

"Hana tatizo, mama. Ana miguu miwili."